Chumba cha Upande wa Mashariki

Kila Ijumaa saa tisa na nusu, Tove Bjerregaard alipofunga duka lake la maua, mumewe Henning alimpitia na gari wakaenda kuangalia nyumba yao imefikia wapi. Kiwanja kilikuwa nje kidogo ya mji wa Holstebro, kando ya shamba la viazi. Mvua ikinyesha, walitazama wakiwa garini. Tove alipiga picha, ili Jumapili akamwonyeshe mama yake, Ellinor, katika makao ya wazee.

Nyumba ya Ellinor ndiyo iliyouzwa ili hii ijengwe. Walikubaliana kwamba angepata chumba chake upande wa mashariki, chenye mlango mpana wa kupitisha kiti cha magurudumu. Mwezi Februari Henning akaomba ramani ichorwe upya, chumba hicho kiondolewe.

"Miaka kumi na mmoja umemhudumia," alimwambia mkewe. "Sisi tutapumua lini?"

Tove alikuwa amechoka. Alitia saini akiwa amesimama, hata koti hajavua. Ellinor hakuambiwa.

Ijumaa ya nne ya ujenzi walikuta msingi umeota kipande cha ziada upande wa mashariki.

"Watu wangu hawakumwaga zege hiyo," alisema fundi Preben, akiwasha sigara. "Imekuja yenyewe. Jumatatu naivunja."

Jumatatu akaivunja. Jumatano ilikuwa imerudi, na kuta zake zimefika kiunoni. Alivunja tena mara mbili, kisha mafundi wake wakasema migongo inawauma. Wakakiacha chumba hicho. Nyumba yenyewe ilikwenda kwa mwendo wa nyumba zote: mbao zilichelewa, fundi wa umeme akaugua, madirisha yakaletwa ya kipimo kingine yakarudishwa. Chumba hakikungoja mtu. Kufikia Juni kilikuwa na paa, dirisha, pazia, na kitanda kilichotandikwa.

Afisa wa ujenzi alikuja, akapima, akalinganisha na ramani.

"Hakimo," alisema. "Faini hamtatozwa, maana si nyinyi mliokijenga. Ila chumba kisichokuwa kwenye ramani hakiruhusiwi kukaliwa na mtu."

"Hakuna atakayekaa," Henning alijibu upesi.

Afisa akaandika.

Jumapili hiyo Tove alimwonyesha mama yake picha: jiko, sebule, gereji. Upande wa mashariki alikuwa ameukata. Ellinor alivaa miwani, akazitazama zote bila haraka.

"Na changu?"

"Bado, Mama. Mafundi wana mambo mengi."

"Mbona dirisha wameshatia? Jana asubuhi nilikaa pale nikawatazama wanavyopulizia viazi dawa." Alimega keki yake kwa uma. "Mlango unakwaruza chini. Mwambie fundi aupige randa."

Tove akasema atamwambia. Na kweli alimwambia, na Preben akaupiga randa bila kuuliza nani kalalamika.

Walihamia Oktoba. Henning alisema chumba kile kitafaa kwa stoo, akaingiza matairi ya gari ya majira ya baridi na makasha ya mapambo ya Krismasi. Kilikuwa na joto, ingawa hakikuunganishwa na bomba lolote. Makasha yalipata vumbi. Kitanda hakikupata.

Wiki ya tatu Tove alirudi kutoka kazini miguu ikimwaka moto. Alipita sebuleni, akaingia chumba cha mashariki, akayaviringisha matairi hadi ukutani, akajilaza. Aliamka Henning alipomwita kula. Tangu siku hiyo alilala humo kila alasiri, usingizi mzito ambao alikuwa ameusahau. Henning aliona mkewe ananawiri.

Jumapili moja ya Novemba Tove alivuta kiti karibu na mama yake.

"Mama, kuhusu kile chumba. Kuna jambo sikukuambia."

"Godoro limekufaa?" aliuliza Ellinor.

Tove alitazama mikono yake. "Ni laini."

"Shuka nimezibadilisha jana. Usiwe unalala na viatu, mwanangu."

"Sawa, Mama."

Mhudumu aliingia kusema chai ya alasiri iko tayari. Alimsukuma Ellinor kwenye kiti chake cha magurudumu, wakakata kona kuelekea ukumbini. Tove alifunga vifungo vya koti, akaendesha gari hadi nyumbani kukiwa bado na mwanga. Alivua viatu mlangoni, akaenda kulala.