Kikaushio cha Ciakuthii

Maembe yalikuwa yamejaa sakafuni nyumbani kwa Ciakuthii, Siakago, na tangu juzi yalikuwa yameanza kutoa maji. Mengi hayakuwa yake. Wanawake wanne wa kikundi walikuwa wamemkabidhi mavuno yao yote ayakaushe, kwa kuwa kikaushio kilikuwa chake. Alikiunda mwenyewe kwa mbao za kitanda kikuukuu na karatasi ya nailoni, na kwa miaka sita kilimlishia watoto.

Mwezi wa Novemba alikipeleka Embu, kwenye kituo cha kulea biashara ndogo, kiboreshwe kwa wiki mbili. Sasa ni Machi, na kilichoongezwa ni kibandiko cha nembo ya kituo. Karatasi za kukikabidhi, za Kiingereza, alizitia sahihi bila kusomewa. Walikuwa wamempa chai na mandazi, na kumwomba mtu aliyekukaribisha akusomee aliona ni kama kumwita mwizi. Adabu ile bado inamchoma moyo.

"Madam, nimekuja kuchukua kitu yangu," alimwambia Purity, afisa wa kituo. Ilikuwa mara yake ya tatu kufunga safari ya Embu.

"Mama, leo tuko na wageni. Waonyeshe vizuri vile inafanya kazi, halafu tutaongea na meneja."

Basi akawaonyesha. Akakata maembe ya supamaketi, makubwa, yasiyo na doa hata moja, akayapanga kwenye nyavu. Mgeni mmoja akamuuliza, kwake yeye, biashara endelevu ni nini.

"Ni matunda isioze," akajibu.

Wakampigia makofi. Meneja, Bwana Mwaniki, akamshika mkono kwa furaha.

"Umetuwakilisha, mama! Sasa hii inaenda maonyesho Meru. Wiki tatu tu."

"Maembe yetu inaoza leo, meneja."

"Usiangalie leo peke yake. Si ndiyo tunafundisha hapa? Fikiria mbele."

Simu ikalia. Alikuwa Teresia, jirani aliyebaki akimtunzia nyumba, akimwita kwa jina la mwanawe. "Mama Njuki, nzi wamejaa mpaka mlangoni. Haya maembe tupatie mbuzi ama tungoje?"

"Ngojeni," alisema, akakata haraka asije akalia mbele za watu.

Uani, wafanyakazi wawili walikuwa wakikivuta kikaushio kuelekea kwenye pikapu. Mguu mmoja ukalia kwa kupindika.

"Si hivyo! Mtavunja!" Alikimbia. Kikivunjika hakitarudi kabisa. Akachomoa misumari, akakunja miguu, akafungua leso kiunoni akaifunika nailoni isichanike njiani. Fundo akalikaza kwa meno.

Alipoinua kichwa, Purity alikuwa amemwelekezea simu.

"Ngoja, mama. Kunjua, halafu ukunje tena polepole, tunarekodi. Ndio siku ingine tusikusumbue."

Ciakuthii akaanza kulifungua fundo.