Ngambo Nyeupe

Mwalimu Kaoma aliambia batoto bachore ziwa Mweru na kwabo. Mutoto wangu Chiti akachora Kashikishi, kwetu, upande huu, na kule ngambo, mu Kongo, akachora nyumba ya nkambo yake, mama yangu. Mwalimu akapiga musalaba mwekundu juu ya nyumba. Eti mu ramani ya kitabu ya masomo, ngambo ni nyeupe, hakuna kitu.

Asante sana! Kumbe mimi Fidélie nilizaliwa mu hewa, na boti yenye inaniletea bitenge kila juma inatoka mu karatasi tupu.

Nikaenda ku masomo. Mwalimu alikuwa mbele ya ubao, amevaa shati ya kitenge ile nilimuuzishia wakati ya Pasaka. Akanieleza polepole, kama mutu anaeleza mbuzi, kwamba mutihani inafuata kitabu. Nikarudi kwangu.

Kisha siku tatu akafika ku meza yangu sokoni.

"Mama Chiti, bibi yangu wa ndoa anataka kitenge ya ngambo, ile ya kweli."

Nikatwaa ile ilikuwa juu ya meza, nikaikunja vizuri, nikairudisha chini ya meza.

"Pole, Mwalimu. Ngambo hakuna kitu. Uangalie mu kitabu."