Njiwa Aliyepotea Ni Supu

Wistin Farrugia alikuwa na neno lake moja, na wanachama wa klabu ya njiwa wa mashindano pale St Albans walilisikia mpaka likawatoka puani: njiwa aliyepotea ni supu. Njiwa wa mtu akitua kwenye paa la mwingine, Wistin hana huruma, anauliza tu sufuria iko wapi. Wake yeye, kwa majigambo yake, tangu ashuke melini kutoka Malta hawajawahi kukosea nyumba hata siku moja.

Basi Jumanne moja asubuhi Bi Karmena Bugeja, mjane anayetenganishwa naye na uchochoro wa nyuma, alitoka na kikombe chake cha chai akamkuta njiwa jike wa kijivu kajikunyata juu ya banda lake, mguu mmoja kaukunja tumboni. Hakuhitaji kusoma pete yake ya mguuni. Jike yule wa Wistin mwenye unyoya mmoja mweupe mkiani alikuwa amewashinda njiwa wake miaka miwili mfululizo, na Jumamosi ya wiki iliyofuata ndiyo ilikuwa siku ya mashindano makubwa. Karmena alicheka peke yake mpaka chai ikamwagika.

Kicheko kilikatika alipomshika. Alimfunika taulo mpaka kichwani, maana njiwa asiyeona hahangaiki, akampapasa mguu kuanzia pajani kushuka. Mfupa ulikuwa mzima, Mungu ni mwema. Lakini waya fulani ulikuwa umemchana juu kidogo ya vidole, na mguu ulikuwa umevimba juu na chini ya pete. Vidole vya mguu mzima vilimkamata kidole kwa nguvu. Vya mguu mbovu vililala tu, na vilikuwa vya baridi.

Hapo ndipo penye kazi. Pete ile huvishwa kinda akiwa na siku saba, na haivuliki, labda ikatwe. Na njiwa asiye na pete ya klabu hashindani tena maisha yake yote. Karmena akiikata bila ruhusa, siku kumi na moja kabla ya mashindano, nani angeamini kwamba alikuwa anaokoa mguu? Wangesema bibi kizee kammaliza mpinzani wake kwa koleo. Na asipoikata, mguu unakufa. Ilibidi Wistin atamke mwenyewe.

Utasema, si ampigie simu? Alimpigia. Akamwambia kuna njiwa katua kwake, kaumia mguu, ana unyoya mweupe mkiani. Wistin akajibu, kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo la serikali, kwamba njiwa wake wote wapo, amewahesabu. Huo ndio ujinga wa wanaume wa klabu ile: heri wapoteze kipenzi chao kuliko kumeza maneno yao.

Adhuhuri Wistin akaja kuazima bisibisi. Saa tisa akaja kuirudisha. Mara zote mbili macho yake yalitembea jikoni kote, yakapanda mpaka juu ya kabati, na Karmena akajitia hamnazo, akamuuliza hali ya magoti. Kikapu kilikuwa chini ya meza, kimefunikwa. Kila baada ya saa moja alimwosha jike ule mguu kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi, na kila saa vidole vilizidi kuwa vyeusi. Utani ukaanza kumtia uchungu. Ndege hana kosa lolote, anataabika kwa sababu ya kiburi cha mzee mmoja.

Jioni alibandika sufuria kubwa: vitunguu, karoti, selari na nyama. Akafungua dirisha la uchochoroni makusudi. Haikupita robo saa, Wistin huyo mlangoni, safari hii bila kisingizio.

"Unapika nini, jirani?"

"Supu. Kaa nikupakulie."

Wistin akakaa. Alipewa bakuli limejaa na mkate pembeni, akanywa kijiko cha kwanza, akasifu, akanywa cha pili. Ndipo Karmena, huku anafuta meza, akamwambia kwamba yule njiwa wa asubuhi hakuwa na mwenyewe. Basi na yeye amefuata maneno ya Wistin, maana mtu mzima haongei bure.

Kijiko kikabaki hewani. Mzee aliukodolea macho ule mchuzi, midomo ikaanza kumcheza. Mtu aliyemzika mkewe bila kutoa chozi mbele za watu aliufunika uso kwa viganja akalia.

"Alikuwa wangu, Karmena. Mama yake alipokufa nilimlisha kwa mdomo wangu huu. Alikuwa wangu."

"Na asubuhi kwenye simu?"

"Niliona haya. Mimi ni punda."

Karmena alikivuta kikapu kwa mguu, akafunua taulo. Jike akatoa kichwa, akamtazama bwana wake bila shukrani yoyote.

"Unayokunywa ni ya kuku," Karmena akasema. "Sasa nyamaza, tuna kazi. Shika vidole hivi, halafu uniambie hiyo pete tuifanyeje."

Wistin alivishika vya mguu huu, akavishika vya mguu ule. Habari za mashindano hakuzitaja kabisa.

"Kata," akasema.

Alimshika jike mwenyewe. Karmena akapenyeza kipande cha plastiki chini ya pete kukinga ngozi, akaibana kwa koleo ndogo. Pete ikakatika, ikaruka, ikatumbukia kwenye bakuli la supu. Wistin akaiopoa kwa kijiko, akaifuta, akaitia kwenye mfuko wa shati. Kisha akaimaliza supu yake.

Jike alibaki kwa Karmena, maana mikono ya mzee haikufaa kwa kufunga bandeji. Alikaa kwenye kitundu ndani ya banda, juu ya taulo lililoviringwa ili mguu usibebe uzito. Upande wa pili wa waya aliishi Kapurali, dume ambaye Karmena alimtegemea kwenye mashindano. Tangu siku ya kwanza Kapurali alivimbisha shingo na kuzunguka mbele ya mgonjwa mpaka akasahau kula. Karmena aliona, akacheka. Angefikiri kidogo, asingecheka.

Ijumaa ya kuamkia mashindano Kapurali alipakiwa pamoja na wenzake kwenye lori la klabu, wakaachiliwe mbali washindane kurudi makwao. Jioni hiyo hiyo jike, akisimama kwa miguu yote miwili, alirudishwa kwao. Wistin hakupeleka njiwa mwaka huo.

Jumamosi saa nane mchana Kapurali alitokea angani, wa kwanza, tena peke yake. Karmena akatikisa mkebe wa mahindi na kupiga mluzi, maana njiwa hahesabiwi amefika mpaka aingie bandani akanyage kibao cha saa kinachoandika muda wake. Kapurali akashuka, akalipita banda lake, akavuka uchochoro, akatua kwenye paa la Wistin ubavuni mwa jike mwenye unyoya mweupe. Akaanza kuinama na kunguruma.

Karmena alitikisa mkebe mpaka bega likamuuma. Juu wakaanza kupita njiwa wa wengine, kila mmoja na safari ya kwao.

Kichwa cha Wistin kikachomoza juu ya ua.

"Bi Karmena, hapa kuna njiwa kapotea. Naona hana mwenyewe."

Karmena aliendelea kutikisa mkebe.

"Nauliza tu, maana sufuria nimeshabandika."

Karmena alitazama angani, akamtazama yule mpumbavu wake anavyojipendekeza juu ya paa.

"Wangu," akasema.

"Sikusikia vizuri, jirani."

"Ni wangu, Wistin. Ni wangu."

"Basi njoo umchukue," mzee akasema. "Na uje na bakuli."