Mlangoni Kwao Hawapigi Hodi

Shemeji yangu Kilian aliwaua popo wa pango lililo juu ya shamba langu, na aliwaua kwa wavu wangu. Wavu nilimpa kwa mkono wangu mwenyewe. Akili ya kuutega pia ilitoka kwangu.

Pango liko kwenye mwamba, hatua mia mbili kutoka ziwani, upande wa kwenda Liuli. Mimi shule niliishia darasa la nne, lakini popo wale nawajua. Kwa miaka kumi na tisa nimezoa kinyesi chao na kukiweka kwenye mpunga, na wadudu wa mpunga waliliwa na wao kabla mimi sijawaona.

Aliyenifumbua macho ni Bwana Uvuvi, mtu wa Mikindani aliyehamishiwa huku. Alikuja kukagua nyavu, akakaa kwenye mkeka wangu mpaka popo wakaanza kutoka. Akasema baharini kwao yuko pomboo, afanyaye kama popo, ila ndani ya maji: anatoa sauti, sauti inagonga kitu na kumrudia, naye anajua mbele yake kuna samaki au jiwe.

"Ni kama anapiga hodi," alisema, "na jiwe linamwitikia."

Popo naye hupiga hodi hewani, ila kwa sauti nyembamba ambayo sikio letu haliishiki. Nikamwuliza mbona basi pomboo wananaswa nyavuni. Akasema uzi wa nailoni unaitikia kwa sauti ndogo mno, na pomboo hapigi sauti kila wakati. Popo naye, akishaizoea njia, hasikilizi sana.

"Mlangoni kwake nani anapiga hodi?"

Neno hilo lilinifurahisha, nikamsimulia Kilian. Kilian amemwoa mdogo wangu Dafrosa. Kwangu alikuwa anaingia moja kwa moja, anafunua chungu, anakula, nami nilipenda iwe hivyo. Alicheka sana. Akasema kumbe popo wangu wana adabu kuliko yeye.

Mwezi wa kumi na moja akaja kuomba wavu wangu wa zamani, ule wa macho madogo. Alisema kipanga anamaliza kuku wa Dafrosa. Nikampa. Dafrosa hakuwa na kuku hata mmoja tangu ugonjwa wa mdondo ulipopita, na mimi nilikuwa najua.

Kumbe kuna mtu kutoka Songea alikuwa anajenga nyumba ya wageni ufukweni, na hakutaka harufu ya popo. Alimwahidi Kilian kazi ya kulinda geti, pango likiwa tupu. Kilian akautandaza wavu mdomoni mwa pango jua likiwa bado juu. Popo walitoka kama walivyotoka siku zote, kwa kasi, wote pamoja.

Asubuhi mke wangu Theodosia aliuona wavu akaniita. Nilipofika, Kilian alikuwa anawakata kwa panga pamoja na uzi. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia.

"Ningekuambia ungekataa," alisema. "Na wewe mwenyewe ndiye uliyesema mlangoni kwao hawasikilizi, shemeji. Mimi nimefuata maneno yako."

Sikumpiga. Niliingia pangoni. Ulikuwa msimu wao wa kuzaa, na watoto walikuwa wameng'ang'ania ukutani, hawana manyoya, wanafumbua midomo. Sikusikia kitu. Nadhani walikuwa wanaita mama zao kwa sauti ileile nyembamba. Walidondoka kwa siku tatu.

Kilian alipata kazi yake. Anakaa getini na kofia.

Wavuni niliwahesabu wakubwa mia mbili na kumi na wanne. Sakafuni, watoto mia moja na thelathini na mmoja. Mpunga ulitoa magunia tisa, mwaka wa nyuma ulitoa ishirini na mawili. Dafrosa amekuja kwangu mara mbili tangu Krismasi, na mara zote mbili alisimama nje akapiga hodi.