Mwavuli Usiofunga

Katika nyumba ya fundi miamvuli, watu walizungumza kimwavuli. Mtu akikasirika walisema amepinduka. Akinuna, amefunga. Akiongea bila kupumua, basi springi yake imekufa, na huyo mara nyingi alikuwa mama wa nyumba, ambaye aliambiwa hivyo kila siku na kila siku akaendelea kuongea. Binti yao wa pekee walimwita Njiti kwa wembamba wake wa utotoni, na jina likamganda hata alipokuja kujaa vizuri kama wanawake wote wa ukoo wao.

Sasa Njiti alikuwa anaolewa, na Fundi alikwisha kuapa mbele ya mashemeji: mwanawe hatavuka barabara kwenda ukumbini ila chini ya mwavuli uliotengenezwa na baba yake. Akajifungia karakanani. Kitambaa cheupe, mbavu za chuma kinene, upana wa kumfunika bibi harusi, gauni lake na maneno yote ya mama yake. Na kwa kuwa tangu aanze kazi alikuwa akisikia lalamiko lile lile, "Fundi, mwavuli wako umenifungikia kichwani mbele za watu," safari hii alisema hapana, si kwa mwanangu. Ile bangili inayopanda na kushuka kwenye mti wa mwavuli akaisukuma mpaka juu, akapigilia msumari, akaukunja ncha. Ufunge sasa tuone!

Haukufunga. Asubuhi ya harusi mvua ilimwagika kama imetumwa, wageni wamejaa ukumbini ng'ambo ya barabara, na Fundi kasimama ndani ya karakana na mwavuli mpana kuliko mlango. Aliujaribu kwa ubavu. Aliujaribu kwa kuuinamisha. Aliujaribu kwa matusi ambayo siku ya harusi hayasemwi. Wapi! Jasho likamtoka, suti mpya ikamkaba shingo.

"Baba Njiti," mkewe alisema mlangoni, ameshika kiuno kwa kicheko, "miaka yote hii unafungua na kufunga miamvuli ya watu, wa mwanao ndio umeupigilia msumari?"

"Niache, mama! Usifungue mdomo leo."

"Mimi nafungua na kufunga. Wako ndio haufungi."

Fundi akaketi juu ya kigoda, na ghafla macho yakamjaa machozi. Alisema wazi, hakuna aliyemlazimisha: "Sitaki aende. Nilidhani nataka. Sitaki kabisa."

Mkewe akaacha kucheka. Akaja akamfuta jasho usoni kwa ncha ya kitambaa chake cha sherehe.

Ndipo Njiti akaingia kwa mlango wa ndani, gauni kalikunja mpaka magotini, viatu mkononi. Alisikia kila kitu. Nyumba ile haina siri. Akautazama mwavuli, akamtazama baba yake, akaokota koleo mezani.

"Usiharibu kucha!" mama akapiga kelele.

"Mama, hii ndiyo kazi niliyokulia."

Akainyoosha ncha ya msumari, akauzungusha, akauvuta. Kwach! Bangili ikateleza chini, mwavuli ukajikunja mikononi mwake.

"Baba, mimi naolewa mtaa wa pili tu," akasema. "Mwavuli ukiniharibikia nitauleta kwa nani? Simama, tunachelewa."

Nje waliufungua tena. Lakini tundu la msumari lilikuwa limekwisha kuilegeza bangili, haikushika hata kidogo. Basi Fundi akaishika mwenyewe, mkono juu, akaisukuma mpaka mwisho, na hivyo wakaingia barabarani: binti katikati, mama upande mmoja akiwaamrisha madereva wasimame, baba upande wa pili, mvua ikimtiririka kwenye mkono wa koti mpaka kwapani. Mkono ulimchoka. Hakuubadilisha. Wageni walitoka barazani wakapiga vigelegele, bwana harusi akakimbilia mvuani kwa furaha akasahau kwamba ameazima suti, na Fundi akacheka kwa sauti mpaka akakohoa, maana hakuna tone hata moja lililogusa kichwa cha mwanawe.

Wakapanda ngazi, wakapita mlango mpana wa ukumbi, wakafika katikati ya watu.

"Baba, shusha mkono," Njiti akamnong'oneza. "Tumeshaingia ndani."

"Najua, mwanangu," akasema Fundi. "Ngoja kidogo."