Walikuja na Zumari

Ghanim alidhani kazi ya karani ni meza, kalamu na shati jeupe. Siku ya kwanza tu katika zahanati ile ya Kisauni, daktari alimpa daftari la miadi kwa mkono mmoja na beseni la usaha kwa mkono wa pili. "Kamwage, kisha uje uandike." Aliporudi nyumbani mamake alimwekea wali wa nazi na papa. Akautazama, akausukuma kando.

Ulikuwa mwaka wa 1961, naye ana miaka ishirini na miwili. Wiki nzima alihangaika na saa. Huyu wa kidonda aje Jumatatu saa tatu, yule wa sindano Alhamisi saa nane, na yeye mwenyewe kila baada ya alasiri awe uwanjani kwa Fundi Yeslam, akijifunza kirumbizi, ngoma ya kuchezea fimbo. Alitoka kazini mbio, shati lanuka dawa, akiwakuta wenzake wameshajipanga wawili wawili, fimbo mkononi. Fundi hakupenda mtu achelewe, ila Ghanim alisamehewa, kwa kuwa hakuna aliyeliweza pigo la kichwa kama yeye. Fundi mwenyewe ndiye aliyewafundisha: wajifanya kumpiga mwenzio mguuni, yeye ateremsha fimbo kukinga, nawe wapanda juu ghafla na kuisimamisha yako karibu na utosi wake, isiguse hata unywele. Harusini, hapo ndipo wanawake hupiga vigelegele.

Ijumaa Fundi akasema, "Kesho asubuhi tuna mwaliko Junda. Nawataka nyote."

"Kesho nina wagonjwa kumi na wanne, Fundi."

"Kwani watakimbia?"

Ghanim akaenda kuomba ruhusa. Daktari hata hakuinua macho. "Kazi una siku sita nayo, tayari wataka likizo?" Basi Jumamosi akabaki, amenuna, akibandua bendeji zilizogandamana na nyama na kuwaza kwamba Fundi atamtoa kwenye kundi litakalocheza harusi ijayo, ya binti wa jirani yao Bi Alawiya.

Saa tano akaletwa mzee mmoja juu ya mkokoteni, mkewe akiusukuma pamoja na jirani. Mzee aliitwa Lewa, mke Mwanatabu. Utosi umepasuka, damu imeganda mpaka ndani ya sikio, nzi wamejaa. Daktari akashona, Ghanim akashika beseni.

"Ni nani waliokupiga, mzee?" daktari akauliza.

"Vijana. Walikuja na zumari na ngoma. Tukadhani harusi yapita, watoto wakatoka kutazama. Kumbe waja kutuvunjia nyumba. Mwenye shamba ataka ardhi yake." Akakunja uso sindano ikipita. "Mmoja alinijia mguuni, nikakinga. Sijui fimbo ilipandaje huku juu."

Ghanim alijua ilivyopanda. Shono la mwisho lilipofungwa, akalibeba beseni. Akatoka nje, akalimwaga nyuma ya pipa la maji, akalisugua kwa mchanga mara mbili.

Aliporudi alimkuta barazani Faraj, mwenzake wa uwanjani, kidole gumba kimevimba. Faraj alikuwa ameketi benchi moja na Mwanatabu, wala hakumtambua, akimwambia kwa adabu zote, "Pole, mama. Mgonjwa wako ni nani?" Mwanatabu akamtazama usoni. Akazikusanya kanga zake, akaenda kusimama juani.

Faraj akamkonyeza Ghanim. "Nitie mbele, bwana, mimi nawe hatungojani. Na usisikitike kukosa. Mwenye shamba ametuahidi viwanja, na Fundi kakutaja nawe."

Ghanim akamwandika wa mwisho. Nibu ya kalamu ikachana karatasi.

Baada ya alasiri alimkuta Fundi Yeslam kibarazani pake, azipaka fimbo mafuta ya nazi, moja moja, bila haraka.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mwanangu. Tulikukosa."

"Yule mzee ameshonwa nyuzi kumi na moja."

"Atapona, inshallah." Fundi akainua fimbo, akaikagua kama imenyooka. "Shamba lina mwenyewe. Wallahi, waliambiwa watoke kwa uzuri."

"Kwa zumari?"

"Wangeona fimbo tupu wangekimbilia mapanga. Ile zumari iliokoa watu." Alilisema hilo kwa fahari, kama mtu aliyebuni jambo jema, na fahari ile ilimchukiza Ghanim kuliko damu yote aliyoiona asubuhi. "Kiwanja chako kiko pembeni, karibu na kisima. Ukioa, utajenga."

Ghanim aliviangalia vile vidole vinavyong'aa mafuta, ambavyo kwa miaka miwili vilikuwa vikimshika kifundo cha mkono na kumrekebisha. Akajikuta anajifuta mkono kwenye suruali.

"Sikitaki. Wala usinitaje tena popote."

Fundi akacheka, akidhani ni hasira za ujana zitakazoisha. Lakini Ghanim hakurudi tena uwanjani.

Miadi ya Mzee Lewa ilikuwa Jumanne saa nne. Hakuja. Jumatano Ghanim akamwomba daktari bendeji na chupa ya dawa, na baada ya kazi akaenda Junda kwa miguu. Aliwakuta kwa jirani yao, chini ya makuti yaliyoegemezwa kwenye mkorosho. Kidonda kilikuwa kimeanza kunuka. Akapiga magoti, akakiosha, na mikono ikiwa kazini akasema asichoweza kukaa nacho.

"Fundi wa vijana wale ndiye aliyenifundisha mimi. Lau nisingekuwa zahanati siku ile, ningekuja nao."

Mzee Lewa akakitoa kichwa chake mikononi mwa Ghanim, polepole.

"Mpe mke wangu hiyo bendeji," akasema. "Atanifunga yeye."

Mwanatabu akaipokea kwa ncha za vidole. Na kabla hajamgusa mumewe, akaenda kwanza kunawa.