Mama Mkwe Chini ya Mlingoti

Fundi wa vipima upepo alikuwa na mambo mawili asiyoyataka kabisa: kupigiwa simu na mhandisi kabla hajanywa chai, na kusafiri na mama mkwe. Jumanne ile yalimkuta yote mawili.

Mhandisi, ambaye ndiye bosi wake, alisema kituo cha kilimani kimeleta sifuri siku tisa mfululizo. "Upepo umefariki? Nenda kauangalie." Mara mwenzake wa kazi akatuma ujumbe: jino limemvimbisha shavu, haji. Na kanuni ni kanuni, fundi hapandi mlingoti bila mtu wa kumwangalia kutoka chini.

Mkewe ndiye aliyekata shauri. "Si mama anakwenda kwa mama mdogo, njia hiyo hiyo? Mchukue."

Njia nzima mama mkwe aliishika dashibodi kwa mikono miwili kama anayezuia gari lisimtoroke, huku akimwambia mkwewe lini abadilishe gia. Walipofika kileleni fundi alikuwa amelowa jasho, na kazi hata hajaigusa.

Ikabaki aibu ya mkanda wa usalama wa kupandia mlingoti. Mkanda ule hupita katikati ya mapaja na kuipandisha suruali isivyo heshima. Fundi akajificha nyuma ya gari.

"Baba, vaa tu," mama mkwe akapaza sauti. "Nimezaa saba mimi, utanionyesha nini kipya?"

Akapanda. Huko juu akakuta ndege amejenga kiota kwa nyuzi za gunia, na nyuzi zimevifunga vile vikombe vinavyozungushwa na upepo, kitanzi juu ya kitanzi. Makinda hayakuwemo tena. Alipokata uzi wa mwisho, vikombe vikaanza kuzunguka kwa fujo. Chini mama mkwe akapiga makofi.

Aliposhuka, akafungua kisanduku cha kumbukumbu na kumsomea kwenye kioo, kwa majivuno kidogo. "Kasi, mita saba kwa sekunde. Upepo unatoka kaskazini."

"Kaskazini ni wapi?"

Fundi akanyoosha kidole. Mama mkwe akageukia huko, akasimama wima, mtandio ukamfunika uso kutoka kisogoni.

"Kama unatoka huko," akasema ndani ya mtandio, "mbona unanipiga mgongoni?"

Fundi akacheka. Kisha akaacha kucheka. Akautazama mshale wa upepo kule juu, akatazama dira ya simu, akapanda tena mbio mbio. Ile alama nyekundu kwenye kitako cha mshale, inayotakiwa kuelekea kaskazini, ilikuwa inatazama kusini bila wasiwasi. Na aliyekaza bolti zile ni yeye mwenyewe, miezi minane iliyopita, akikimbizana na mvua. Miezi minane kituo kimeuripoti upepo kinyumenyume!

Akiwa bado juu, angeweza kuugeuza mshale akanyamaza. Nani angejua? Akatazama chini. Mama mkwe alikuwa amekaza shingo, hapepesi macho, anamwangalia kama alivyoagizwa.

Akampigia mhandisi papo hapo, akasema yote.

"Kwa hiyo wale watu wa hali ya hewa niliobishana nao tangu mwaka jana..."

"Walikuwa sahihi, bosi."

"Nikawaita vipofu. Kwa maandishi." Mhandisi akashusha pumzi. "Nani amegundua?"

"Mama mkwe wangu."

"Tuna vituo vinne vingine ulivyofunga wewe. Muulize kama ana nafasi leo."

Fundi akamuuliza kutoka juu, kwa adabu zote mtu awezazo kuwa nazo akiwa ananing'inia. Mama mkwe alikwisha toa simu yake, anampigia mdogo wake.

"Usinisubiri chakula cha mchana," akamwambia. "Niko kazini."